Paskalina Mageni, Fundi Aliyeonyesha Oili Ilikovujia

Paskalina Mageni, tunayemzika leo, alizaliwa hapa Segese Jumapili ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1985, na ndipo alipopata jina lake. Alikuwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Mageni Limi na Mama Melania.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1993 hadi 1999. Mwaka 2003 alikwenda kuomba nafasi ya umakanika katika chuo kimoja cha ufundi mjini Shinyanga. Aliyepokea fomu hakumuuliza kitu. Alichukua kalamu akaandika "ushonaji". Paskalina akaomba fomu nyingine, nayo ikaandikwa hivyo hivyo. Ya tatu aliijaza mwenyewe, akampelekea mkuu wa chuo mkononi. Alihitimu 2005 akiwa wa pili kati ya wanafunzi ishirini na sita, mwanamke peke yake.

Alianza kazi katika gereji ya Mzee Mwigulu, Kahama. Mwaka 2012 aliajiriwa na kampuni moja ya kusafirisha vifaa vya migodini, yenye yadi Kalangalala, Geita. Huko lilitokea jambo ambalo familia imekaa nalo moyoni karibu miaka kumi na moja, na leo inalisema.

Agosti 2014, dereva wa pikapu ya kampuni, Januari Marwa, alituhumiwa kuiba oili ya injini. Kila wiki kijiti cha kupimia kilionyesha imepungua lita nzima, na gari lilipoegeshwa hapakuonekana hata tone chini. Msimamizi wa karakana alikuwa ameshasaini kwamba gari halivuji. Januari akasimamishwa kazi, akaambiwa ajiandae kwenda polisi.

Paskalina aliuliza, "Kuna mtu amefungua bamba la chini ya injini?"

Hakuna aliyelifungua. Alilifungua yeye. Lilikuwa limejaa vumbi la barabara za migodini, limelowa oili na kushikana kama ugali, ndiyo maana hakuna kilichodondoka. Bado alitaka kujua inatokea wapi. Akaosha injini kwa mafuta ya taa, akaiacha ikauke kabisa, kisha akainyunyizia poda ya watoto huku wenzake wakicheka. Akapakia mzigo, akaliendesha gari hadi Katoro na kurudi. Alipoinua boneti, kwenye ule weupe palikuwa na mstari mmoja mweusi, ulioanzia kwenye swichi ya presha ya oili, kitu kisichozidi kidole gumba. Swichi ilivuja injini ikiunguruma na kupata moto, ikizimwa, inaacha. Akafunga mpya, akasafisha, akarudia safari ile ile. Pakavu.

"Mwizi wenu huyu hapa," alimwambia msimamizi, akiiweka swichi mbovu mezani kwake.

Januari alirudishwa kazini bila kuombwa radhi. Ripoti ya matengenezo ikaandikwa jina la msimamizi. Paskalina, ndani ya wiki mbili, akapewa barua ya kuachishwa kazi. Kosa lake, kufungua gari bila idhini. Wapo watu, na wengine wamekaa hapa, waliosema alifukuzwa kwa ukorofi. Si kweli. Barua ipo. Anayetaka kuisoma amwone kaka yake, Sostenes.

Alirudi Kahama. Januari akaja gereji kumshukuru, na wiki iliyofuata akaja tena bila gari la kutengenezwa. Mzee Mwigulu akamuuliza, "Wewe leo unaumwa wapi?" Walifunga ndoa tarehe 2 Julai 2016, wakafungua gereji yao wenyewe, na Mungu akawajalia Rebeka na Vumilia.

Februari 2024 Paskalina aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Zahanati aliyoikimbilia ilimwambia ni misuli, kwa kuwa anafanya kazi za kiume. Miezi saba alipewa dawa za maumivu. Mwanamke ambaye hakuwahi kubadilisha hata nati bila kutazama kwanza, alitibiwa bila kutazamwa. Oktoba, alipofika hospitali jijini Mwanza, saratani ilikuwa imeshafika mapafuni.

"Kwa nini wale hawakunigusa hata kwa mkono?" alimuuliza daktari.

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake Nyasubi, Kahama, Januari akiwa amemshika mkono. Hakuuawa na kazi ya kiume, kama wengine wanavyosema, na familia inaomba maneno hayo yaishie hapa kaburini. Akina mama mliopo, ukiambiwa ni misuli, usiondoke mpaka upimwe.

Ameacha mume, watoto wawili, mama yake mzazi, ndugu wanne, na mafundi watatu wa kike aliowafundisha, Ghati, Loveness na Klara, ambao gereji yake imebaki mikononi mwao.

Ee Mungu, mpe Paskalina pumziko lako, na haki yake.