Viateur Gatera na Makontena Kumi na Moja ya Ras Mjumbi

Wafiwa wenzangu, majirani wa Niboye na nyote mliofika, familia imeniomba mimi Aimable, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu Viateur Gatera, yakiwemo yale ambayo mwenyewe hakupenda kuyasema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Karagwe, Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akajifunza ufundi Mwanza, ambako mwaka 1988 aliajiriwa bandarini kuendesha kreni. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Claudette Mutoni, hapa Kigali, wakajaliwa watoto wawili, Ihirwe mwaka 1997 na Norman mwaka 2000.

Mwaka 2004 alipata mkataba katika bandari ya Ras Mjumbi, mji wa kisiwani wenye ngome ya mawe juu ya gati, na rafiki yake wa kwanza huko alikuwa Shafiq, rubani aliyeziingiza meli bandarini. Mwanzoni mwa 2009 wanajeshi walioasi waliiteka ngome ile, na Jumanne tarehe 17 Machi, manowari za serikali zilipoonekana, luteni mmoja wa waasi alimfuata marehemu kwenye kreni, bunduki mkononi, akamwambia, "Leo fanya kazi kama kawaida, ila mizigo ishushe majini." Alishusha makontena kumi na moja, yakaziba lango la bandari.

Hayakumzuia mtu, kwa sababu Alhamisi wanamaji walishukia ufukwe wa nyuma, wakaichukua ngome kwa saa nne, na marehemu akakamatwa pamoja na waasi. Mji ulikuwa hauna chakula, hivyo Jumatatu tarehe 23 Shafiq alijaribu kupitisha boti ya mchele, ikagonga kontena lililozama, akafa maji, na kaka yetu alizipata habari hizo akiwa kizuizini.

Baada ya siku thelathini na saba aliachiliwa, maana hakuna mwingine aliyejua kila kontena lilipoangukia. Kabla ya kugusa kreni alikwenda kwa mjane wa Shafiq, akamweleza kwamba ni yeye aliyeyashusha, mama yule akasema, "Yatoe yote, shemeji, halafu uje ule kwangu."

Akishirikiana na wapiga mbizi alitoa kumi, hadi Septemba, na la kumi na moja halikuonekana, basi akarudi Kigali bila kula katika nyumba ile. Alifungua karakana ya kuchomelea mageti karibu na Sonatubes, na Claudette akimuuliza mbona hali chakula vizuri, alijibu tu, "Limebaki moja."

Mwezi Mei 2016 wavuvi walilikuta kontena hilo mbali na gati, mkondo ulikuwa umelisukuma, na mjane akapiga simu, "Limeonekana, njoo." Marehemu alipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha meli, akakaa kwake siku mbili. Alichosimulia aliporudi ni kwamba walikula samaki, kwamba mama yule alimpakulia mara mbili, na kwamba hawakuzungumza sana.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, hadi alipofariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, Ihirwe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, viongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, waumini wenzake, majirani mliotupikia wiki hii yote, na mafundi wa karakana waliobeba jeneza. Wateja watatu ambao mageti yao hayajakamilika, Norman anaomba mmpe hadi mwisho wa mwezi, atayachomelea mwenyewe.

Kaka Viateur, tunakuaga kwa upendo, upumzike kwa amani.