Wimbo Ambao Mama Aliuimba Midomo Imefumbwa

Kama Mama alijua, kwa nini alinyamaza? Na kama hakujua, ni nani angemwambia, ilhali amelala kaburini Louisville? Ndugu zangu, hayo ndiyo maswali yaliyoninyima usingizi majira yote ya baridi yaliyopita. Wengine wenu mliniona nikija ibadani hapa Columbus macho yamevimba, mkadhani ni kazi ya maabara. Haikuwa maabara. Ilikuwa wimbo.

Sitataja jina la mtu. Wanaohusika wako hai, na mmoja wao hunipigia simu kila Jumapili kuuliza mahubiri yalihusu nini, kwa hiyo nitasema kwa adabu.

Baba yangu ana wimbo. Aliyewahi kufika kwenye harusi za Wakongomani kule Louisville anaujua. Maharusi wakishaketi, watu huanza kumwita, "Papa, ule wako," naye hujifanya anakohoa, kisha anasimama. Ni wimbo wa polepole. Mtu anamwambia mwenzake aliyekwenda mbali kwamba kiti chake bado kina joto, arudi akae. Nilikua nikijua kwamba Baba aliutunga kambini Tanzania, nao ulikuwa wa Mama. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijua tu, kama mtoto anavyojua mlango wa kwao.

Mama hakuwahi kuyaimba maneno yake. Nyimbo nyingine aliziimba mpaka jirani akagonga ukuta. Ule wa Baba aliufuata kwa midomo iliyofumbwa, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, au akikunja nguo, mwanzo hadi mwisho, bila neno hata moja. Nilipokuwa mdogo niliona ni mapenzi. Baadaye nikaona jambo lingine.

Mama alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mwaka jana, nilipokwisha kuhitimu na kupata kazi, Baba alinipigia simu akaniambia anataka kusimamisha nyumba tena. Mwanamke ni mjane anayeishi Lackawanna, pale kusini mwa Buffalo. Kisha akaongeza, kana kwamba ananipa zawadi: "Tunafahamiana tangu kambini. Hata mama yako alimjua muzuri."

Wale ambao si wa kwetu niwaeleze. Kwetu mgane haendi tu kuoa. Wazee wa upande wa mwanamke hawaanzi mazungumzo mpaka mtoto wa kwanza wa marehemu asimame mbele yao, aseme kwa kinywa chake kwamba watoto wamekubali. Mtoto wa kwanza ni mimi. Nikinyamaza, gari linageuka.

"Tangu kambini." Basi akili yangu ikaanza kazi. Katika ubeti wa pili Baba huimba, "wewe uliyevuka ziwa ukarudi ng'ambo." Mama alivuka ziwa mara moja tu, akikimbia vita, wala hakurudi. Nikamuuliza Baba, nikijifanya sijali, huyo mama aliishi wapi baada ya kambi. Akasema alirudi Kongo kumtafuta mume wake. Alivuka ziwa. Sikuuliza tena. Nilikata simu nikasema nina mkutano, na sikuwa na mkutano.

Wiki chache baadaye nilikuwa Hilliard, katika duka la mitumba, nikitafuta koti. Kutoka darini muziki unapigwa, ule usiosikilizwa na mtu. Ghafla nikausikia wimbo wa Baba. Mwanamume wa Kimarekani, kinanda nyuma yake, sauti ileile inabembeleza kwa Kiingereza, kwa maneno mengine, ikimwita mtu arudi. Nilisimama na mkono mmoja ndani ya koti. Simu ikanitambulishia: balada ya zamani, imeimbwa kabla Baba hajazaliwa.

Kwa hiyo hakuutunga. Mnajua mtu kama mimi akipata uzi mmoja hufanya nini. Huuvuta mpaka nguo iishe. Nilizisikiliza nakala zote nilizozipata. Yule wa kwanza alipouimba hakuna aliyemjali. Mwanamke mmoja akauimba upya kwa hasira, kana kwamba anamfukuza mtu badala ya kumwita, na huo ndio uliopendwa. Baadaye vijana wakauimba haraka, watu wakaucheza dansi. Kila mwimbaji alikuwa na mtu wake akilini, nawe msikilizaji unamwona kabisa. Nikasoma pia kwamba mtunzi aliwahi kueleza kuwa hakumtungia mpenzi hata kidogo. Alimtungia kaka yake, aliyekwenda kutafuta kazi mji mwingine na asirudi. Mimi nikasema, ndiyo, hivyo ndivyo mwanamume mwenye mke angesema.

Mnacheka, lakini nilikuwa nimefika hapo. Simshuku baba yangu tu, namshuku hata mtunzi nisiyemfahamu kwa sababu ya kaka yake.

Nikaacha kwaya. Mliniuliza, nikasema koo. Kila wimbo niliopewa nilitaka kujua uliimbwa kwa nani kwanza. Kazini niliyarudia majaribio ambayo yalikuwa yamekwenda sawa, kwa kuwa sikuamini kwamba yamekwenda sawa. Sikula vizuri. Baba akipiga simu nilisikiliza anavyovuta pumzi, nikitafuta uongo ndani yake. Shangazi yangu akisema "mama yako alikuwa na moyo mkubwa," nilijiuliza, mkubwa wa kusamehe nini? Sasa nilielewa kwa nini Mama alifumba midomo. Alijua wimbo ni wa nani. Hakutaka maneno ya mwanamke mwingine yapite kinywani mwake.

Ninayeishi naye, dada mmoja Mkenya anayesoma uzamili, alivumilia kwa muda. Siku moja nikampangia ushahidi wote pale mezani, kambi, ziwa, midomo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe, Mungu akikujibu maombi utamwomba risiti. Si umuulize mzee wako?"

Nikaendesha gari hadi Louisville. Baba alikuwa ametoka zamu kiwandani, bado amevaa viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma. Nilimwambia niliusikia wimbo wake dukani, ukiimbwa na Mmarekani. Nilitegemea ashtuke. Akacheka.

"Kumbe hapa wanaupiga mpaka kwenye maduka," akasema. Akaeleza kwamba kambini kinyozi mmoja alikuwa na kaseti ya nyimbo za Kimarekani, na watu wa kwaya walikuwa wakienda pale kuchukua sauti na kuzitilia maneno yao.

"Basi maneno ni yako?"

"Hapana. Maneno ni ya mama yako. Miye sikuwa hata mu kwaya. Yeye ndiye aliniomba niimbe."

"Alikuomba uimbe kuhusu mwanamke aliyevuka ziwa?"

Baba akainama kufungua kamba za viatu. Alichukua muda mrefu kuliko kamba zile zilivyohitaji, na mimi nikauhesabu muda huo dhidi yake. Kisha akasema, "Bon, hayo si ya kwangu kukueleza. Uliza mwenyewe mwenye wimbo."

Ndugu zangu, mtu mwenye amani angesikia hapo mlango umefunguliwa. Mimi nilisikia kwamba yeye na yule mjane wamepanga.

Nikaamua kwenda Lackawanna bila kumwambia mtu, ili wasipate nafasi ya kulinganisha maneno yao. Njia nzima kando ya ziwa lingine, la huku Marekani, theluji inapiga kioo, nilikuwa nikiandaa maswali kama mwendesha mashtaka. Nikagonga. Mwanamke mfupi, kitenge kiunoni, miwani imefungwa kwa gundi upande mmoja, akafungua, akanitazama, akasema, "Ingia. Fufu inapoa."

Baba alikuwa amekwisha kumpigia. Alibahatisha tu kwamba nitakwenda, ananijua. Nikasema moyoni, hata fufu ni ya mpango.

Sikula. Nikamwekea mtego. Nilifikiri, kama wimbo ulikuwa wa siri kati yake na Baba, akisikia kwamba Mama aliufurahia ataona aibu, au ataona ameshinda, na uso wake utaniambia. Basi nikasema, kwa sauti ya kawaida: "Mama aliupenda sana wimbo ule. Aliuimba jikoni kila siku."

Uso wake ukabadilika, lakini si kwa njia yoyote kati ya zile mbili nilizongojea.

"Aliuimba? Na maneno yake?"

"Na maneno yake."

Akaweka kijiko chini. Akavua miwani ile. "Donc alinivunjia," akasema polepole. "Mama wa watu. Miye nimeyashika hapa miaka yote, na yeye akayamwaga jikoni."

Sikuelewa. Nikamwomba anieleze, na kwa mara ya kwanza niliuliza nikitaka jibu. Akasema katika kwaya yao kambini kulikuwa na desturi. Mwenzao akiondoka, iwe kurudi kwao au kupelekwa nchi ya mbali, rafiki yake wa karibu humtungia wimbo wa kumsindikiza. Wimbo ukishatolewa si wako tena. Umekwenda naye. Aliyeutoa hatayatamka maneno yake mpaka waonane tena uso kwa uso, na siku hiyo watayaimba pamoja. Sauti anaweza kuifuata, maana sauti si ya mtu. Maneno, hapana. Yeye na Mama walikuwa wakisimama bega kwa bega katika safu ya mbele. Alipoamua kurudi kumtafuta mumewe, Mama alichukua sauti moja ya kaseti ya kinyozi, akamtungia maneno ya kiti. Hawakuonana tena. Yeye alipofika Buffalo, Mama alikuwa amekwisha kufariki.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nimekudanganya. Hakuyaimba hata siku moja. Alikuwa akifumba midomo."

Alijifunika uso kwa ncha ya kitenge akalia, nami nikalia, na fufu ikawa jiwe. Alipotulia akasema, "Kwa hiyo alimutuma baba yako aimbe, ili ayasikie. Mujanja ule." Kisha akanitazama vizuri. "Ulifikiri nini, weye? Miye na baba yako? Kambini hatukupatana hata kidogo. Alikuwa anasema ninamuchelewesha bibi yake mu mazoezi."

Ningependa kuwaambia kwamba shaka ilikufa palepale. Haikufa. Nikirudi Columbus ilipanda garini ikakaa kiti cha nyuma: na kama analia vizuri tu? Na kama Baba alimfundisha? Lakini kuna kitu nilikiona kwa macho yangu, nacho hakifundishiki. Nilipomwambia uongo wangu, aliumia kwa ajili ya Mama. Hakuumia kwa ajili ya Baba.

Namshukuru dada yangu Mkenya, ambaye yuko hapa na anajifanya haelewi ninamsema nani. Nawashukuru ninyi wa kwaya, hamkunifuta. Namshukuru Baba, ambaye angeweza kunipigia kelele akachagua kufungua viatu. Na nikiwaachia neno, ni hili: mimi nilimsomea Mama ukimya wake kwa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa mabaya. Ukishuku, nenda kabla hujamaliza kuandika hukumu. Nenda hata kama unakwenda kwa nia mbaya, kama mimi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Lackawanna, Baba, wadogo zangu na wazee wawili. Sebule imejaa, viti havitoshi. Mzee wa upande wao akauliza kama watoto wa marehemu wapo na wana neno gani. Wadogo zangu wakanitazama. Baba hakunitazama, alitazama mazulia.

Nilisimama. Nilikuwa bado na maswali mawili au matatu, mazuri sana. Nikasema, "Sisi watoto tumekubali." Mzee akaniuliza tena, kama ilivyo kawaida, ili nisije nikasema baadaye nililazimishwa. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kisha nikavuka chumba nikaenda kuketi kando ya yule mama wa miwani.