Leonidasi wa Kaniha na Simu Niliyoichekea

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu, kwenu mlioko Ngara, Biharamulo na popote mnapotupata. Ni mimi Wiston. Leo sifungui kwa muziki. Leo tunamkumbuka Leonidasi Nshimirimana, mkulima na mpiga gitaa wa kata ya Kaniha, wilayani Biharamulo. Amefariki dunia tarehe tisa mwezi huu, akiwa na miaka hamsini na nne. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Leonidasi Nshimirimana wa Kaniha, mpiga gitaa, hatunaye tena.

Wengi wenu hamkuwahi kumsikia. Na katika hilo, wasikilizaji, nina mkono wangu. Nitaeleza.

Leonidasi alizaliwa Burundi. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, hajaanza hata kutembea. Akakulia Kaniha, akasoma Kaniha, akaoa Kaniha. Mke wake ni Mama Avelina, Msubi, mwenyeji wa pale pale. Gitaa alifundishwa na katekista wa kigango chao. Lilikuwa gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Katekista alipohamishwa, akamwachia.

Sasa sikilizeni alichokifanya na gitaa hilo. Mama yake alizoea kuimba nyimbo za inanga, kile chombo cha nyuzi cha wazee wa kwao. Leonidasi akazilegeza nyuzi za gitaa, nyingine akazikaza, kwa namna yake mwenyewe, mpaka gitaa likaanza kutoa sauti ya inanga. Dole gumba lilipiga besi. Kidole cha shahada kiliimba. Ukifumba macho, ungesema wamekaa watu wawili. Aliipigia kwaya hivyo hivyo, kila Jumapili, kwa miaka thelathini.

Alifuga ukucha wa dole gumba. Mkulima mwenye ukucha mrefu, mnaweza kuona jambo hilo? Mama Avelina aliniambia, "Akienda kulima alikuwa anaufunga kitambaa. Mihogo, maharage, vyote alilima na kitambaa chake. Watu walimcheka. Yeye anasema, huu ndio mdomo wangu."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana mwezi wa saba, katika kipindi hiki hiki, tulikuwa na ule mjadala wa Jumamosi. Nadhani mnaukumbuka. Nani mpiga gitaa mkali kuliko wote? Simu hazikukauka. Wapo waliosema rumba ya Kongo, hakuna wa kuwagusa. Wapo waliosema dansi la hapa nyumbani. Mwingine akasema benga, mwingine akasema wapiga gitaa wa injili. Tukabishana wiki tatu. Kisha nikasema, haya, tuacheni wa mbali, nitajieni wa kwetu, wa Ngara na Biharamulo.

Wengi walimtaja Mzee Gozbert wa Nyamiaga. Haki yake. Amepiga gitaa la solo katika bendi za dansi tangu ujana wake, na nilikuwa naye studio siku hiyo. Ndipo akapiga simu binti mmoja kutoka Kaniha. Alisema, "Shikamooni wote mlioko studio. Mimi naitwa Irine. Namtaja baba yangu, Leonidasi Nshimirimana."

Kabla sijamjibu, nilimpokea msikilizaji mwingine. Akasema, "Wiston, huyo ni mkimbizi. Wewe umesema tutaje wa kwetu."

Nikacheka. Nikasema, "Haya, hoja imepokelewa. Simu inayofuata."

Nilicheka, wasikilizaji wapendwa. Sitawaambia kwamba nilishtuka, au sikusikia vizuri. Nilicheka kwa sababu kipindi kilikuwa kimechangamka.

Kule Kaniha, Leonidasi alikuwa amekaa mlangoni, redio kwenye kiti. Alikuwa amewaita majirani waje wasikie binti yake akimtaja. Mama Avelina anasema majirani waliaga mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

Jumatatu asubuhi aliomba wembe. Akaukata ule ukucha. Akazitoa nyuzi zote kwenye gitaa, akazitupa chooni. Kisha akamwita Irine. Kwenye simu yake Irine alikuwa amerekodi nyimbo mbili za baba yake. Ni hizo tu. Kanisani hakuna aliyewahi kufikiria kurekodi, kwa sababu alikuwepo kila Jumapili.

Irine, ambaye baba yake humwita Data, kwa Kirundi, aliniambia hivi: "Data alisema, futa. Nikamwambia, Data, nisamehe, mimi ndiye niliyepiga simu. Akasema, hujakosa kitu mwanangu, wewe futa tu. Nikafuta, anaangalia. Nilijua hasira zikiisha atapiga nyingine."

Hakupiga nyingine. Mwezi wa kumi Irine aliolewa. Baba yake alimtoa nyumbani kwa heshima zote, akacheka na wageni, lakini gitaa hakuligusa. Kwaya iliimba kwa kupiga makofi.

Mzee Gozbert ndiye aliyekwenda kumwona. Alitoka Nyamiaga akaenda mpaka Kaniha, mtu wa miaka sabini. Akamwambia, "Mdogo wangu, nilikuwa studio siku ile na sikufungua mdomo. Nimekuja kuomba radhi. Njoo tupige wote redioni, watu wasikie."

Leonidasi akamjibu, "Kaka, mimi sitaki waseme ni bora. Waseme tu mimi ni wa Kaniha."

Mzee Gozbert aliniletea maneno hayo hapa hapa ofisini. Kulisema hilo hewani ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikasema, Jumamosi ijayo. Jumamosi ikafika, nikasema ijayo. Ukweli ni kwamba baada ya siku ile wapo waliotuma ujumbe kumuunga mkono yule mpigaji simu, na mimi sikutaka kuwaudhi. Nikaona jambo lenyewe litasahaulika. Miezi ikapita.

Tarehe saba mwezi huu Leonidasi alianguka shambani. Ilikuwa presha. Alilazwa siku mbili, na tarehe tisa akafariki.

Kwenye mazishi nilikwenda. Nilisimama nyuma. Wanakwaya walimwomba Mzee Gozbert awapigie kwa gitaa la marehemu, na yeye alikuwa amekuja na nyuzi mpya kutoka Ngara mjini. Akazifunga. Akajaribu kulitafuta lile fungo la nyuzi la Leonidasi, ile sauti ya inanga. Akakaza, akalegeza. Akapiga kidogo, akatikisa kichwa. Akakaza tena. Watu wote wamesimama juani, jeneza liko pale, wanamngoja. Ilipita kama robo saa. Kisha akaliweka gitaa chini.

"Sijui alizifunga vipi," akasema. "Nimeshika gitaa miaka hamsini. Sijui."

Akalia, mzee yule, mbele za watu. Kwaya wakaimba bila gitaa, tukamzika.

Wasikilizaji wapendwa, kwa desturi ya kipindi hiki, hapa ningewawekea sauti ya marehemu. Haipo. Hakuna kanda, hakuna simu, hakuna mwanafunzi aliyemfundisha. Tulibishana wiki tatu juu ya nani bora, na katika wiki hizo tatu ingetosha mtu mmoja kwenda Kaniha na kinasa sauti. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nasema, ingawa haisaidii kitu: Leonidasi Nshimirimana alikuwa mtu wa Kaniha.

Nakupa pole, Irine. Mzee Gozbert, pole. Wanakwaya wa kigango, poleni. Na wewe uliyepiga simu siku ile, sikutaji jina. Kaa ujitafakari, na mimi nimekaa.

Mama Avelina nampa pole, lakini najua hanisikii. Nilipokwenda kumwomba ruhusa ya kipindi hiki alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa. Akasema, "Sema unachotaka, baba. Redio nimeigawa. Humu ndani haitaingia tena."

Mlio jirani naye, msiende kumwambia kwamba leo katajwa. Maharage yake yamezidiwa na magugu, nimeyaona. Nendeni mkampalilie.