Mlango wa Viberiti: Wasifu wa Clementi Magori Nyamhanga (1993–2025)

Clementi Magori Nyamhanga, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1993 hapa hapa Butiama, katika nyumba hii ambayo mbele yake tumefunga turubai. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Nyamhanga Magori na mama Gaudensia Nyangi. Aliyemtangulia ni dada yake Wankyo, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Katekista wetu aliomba uwe mfupi na wa kutia moyo. Kwa huo ufupi Wankyo amejitahidi. Hilo la pili limemshinda, na anaomba radhi mapema.

Watoto wote wa hapa wamewahi kufinyanga ng'ombe wa udongo. Wa Clementi walikuwa na majina, ukoo na magonjwa. Akikwambia dume fulani limekufa, ndiyo basi, hata ulilie vipi haliruhusiwi kuchungwa tena. Mzee Nyamhanga, ambaye hakuwa mtu wa kuchekacheka, alikuwa akirudi malishoni jioni anamwuliza kwa heshima zote, "Wako wameshindaje leo?" na mtoto anamjibu kama mwenye zizi mwenzake. Mzee alifariki mwaka 2006, na ng'ombe wa udongo hawakuonekana tena.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Butiama kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, kisha akajiunga na sekondari mjini Bunda, akiishi kwa shangazi huko Manyamanyama, mpaka alipohitimu kidato cha nne mwaka 2011. Akiwa kidato cha tatu alikuja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu, aliyeitwa Nathanieli, na huyo ndiye aliyemfundisha mchezo. Kwa kuwa tangu juzi kuna watu humu msibani wananong'ona kuhusu vitu vya marehemu, acha mchezo huo usemwe wazi, kila mtu asikie.

Watu wanakaa mezani. Mmoja wao ni msimulizi, naye anawaeleza wenzake nchi ambayo haipo, yenye milima, majoka na miji iliyozama. Kila mmoja ana mtu wake katika nchi hiyo, anasema mtu wake anafanya nini, na bahati inaamua kama amefaulu. Basi. Hakuna dawa, hakuna jini, hakuna mtu wa kuzimu. Ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa pamoja.

Mwalimu Nathanieli alikuwa na dadu moja ya pande ishirini, na alipomaliza mazoezi aliondoka nayo. Clementi hakulia. Alikwenda dukani akaokota visoda ishirini, vile vizibo vya chupa za soda, akakwaruza namba ndani ya kila kimoja kwa msumari, akavitia kwenye kopo la mafuta ya Kasuku. Unatikisa, unatia mkono bila kuchungulia, unatoa bahati yako, na namba kubwa ndiyo kufaulu. Ramani aliichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaitia fuvu la kichwa pembeni, akaipaka majani ya chai ionekane ya kale. Mwalimu wa nidhamu aliikamata darasani, akaona imeandikwa "mlango wa siri", akaamini ni mpango wa kutoroka shule. Clementi alichapwa, halafu akaamriwa kuonyesha ni wapi kwenye uzio. Alieleza kwamba mlango uko chini ya mlima wa majitu. Akachapwa tena. Hadithi hii aliisimulia mpaka wiki ya mwisho, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Baada ya mafunzo ya ufundi, mwaka 2014 alianza kazi ya kuchora mabango Mukendo, Musoma mjini. Wengi wenu mmesoma maandishi yake bila kumjua, na kichwa cha ng'ombe kwenye ile bucha ya kona, kinachomtazama mteja kwa huzuni, ni mkono wake. Alipanga chumba hukohuko, na kila Jumamosi jioni walikutana hapo watu watano. Yeye alikuwa msimulizi. Wengine ni Stanslaus, seremala. Gody wa Bugwema, anayeendesha bodaboda. Sara, mshona nguo. Na Wankyo, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi mjini. Milima ilikuwa trei za mayai zilizopakwa rangi ya kijivu. Joka alilitengeneza kwa waya na mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa kila mchezaji alifinyanga mtu wa udongo wa kichuguu, akamchoma kwenye jiko la mkaa, na chini ya miguu yake akakwaruza jina la mwenyewe ili wasigombanie. Wa Wankyo alikuwa mwanamke mwenye mkuki. Wa Stanslaus alianguka sakafuni siku ya kwanza, akapasuka ubavuni, na Stanslaus akakataa kufinyangiwa mwingine. Alisema amejeruhiwa vitani.

Marehemu hakuoa. Mwaka 2022 alimpeleka Sara kwa mama, mama akampenda, na ng'ombe wa mahari wakatengwa. Mwezi Mei 2023 Clementi alianza kuvimba miguu. Hospitali ya Mwanza ilisema figo zote mbili zimechoka na kwamba atahitaji kusafishwa damu. Ng'ombe wa mahari walikwenda Mwanza mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Sara hakuondoka. Leo amekaa kwenye viti vya wageni kwa sababu ukoo haukupata wakati wa kumpa jina lingine, na Wankyo anaomba, kabla jeneza halijainuliwa, mtu amwite aje akae huku mbele.

Mwezi Novemba 2024 alilazwa Mwanza kwa muda mrefu, Wankyo akimuuguza. Baba mdogo Bonifasi alikirudisha chumba cha Mukendo kwa mwenye nyumba, akaleta vyombo vyote hapa. Kati ya vyombo hivyo kulikuwa na kreti la soda. Mama alipolifungua alikuta watu wanne wa udongo waliofungwa kwenye kitambaa chekundu. Alimgeuza mmoja, akasoma jina la binti yake. Akamgeuza mwingine, akaona ufa ubavuni, pale pale ambapo daktari alisema mwanawe anaumwa. Kulikuwa na karatasi ya kale yenye fuvu la kichwa, na kopo la vitu vyenye namba. Hapa kwetu mtu akikuta hivyo hangoji kuelezwa. Waombaji waliitwa. Watu wa udongo walipondwa kwa jembe, unga wao ukatupwa chooni, na vilivyobaki vikachomwa moto huku watu wakiimba.

Mama ameruhusu jambo hili lisomwe. Alisema, "Soma, wasije wakafikiri nilikuwaga simpendi." Hakuna hapa anayefikiri hivyo, mama.

Siku ile alipiga simu Mwanza na furaha tele. "Tumeshaipata, baba! Ilikuwa kwenye kreti. Tumeivunja yote, sasa utapona."

Clementi alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Asante, mama." Alimrudishia Wankyo simu, akageukia ukutani. Akiwa amegeukia huko huko aliuliza, "Na joka nalo?" Wiki iliyofuata uvimbe ulipungua kidogo, na mama akazidi kuamini. Hatukuwa na moyo wa kumwambia, na Clementi mwenyewe alitukataza.

Kitu kimoja kilipona. Alipokwenda kulazwa alikuwa amebeba mlango mdogo wa makasha ya viberiti, alioubandika kwa gundi ya Stanslaus, wenye bawaba za kitambaa, unaofunguka kwa kidole. Ndio ule mlango wa siri wa chini ya mlima wa majitu. Miaka yote ile ya Jumamosi wasafiri wake wanne walikuwa wakiutafuta.

Alirudi nyumbani Butiama mwezi Januari mwaka huu, na Jumamosi zikahamia hapa. Gody alileta udongo wa kichuguu kutoka Bugwema, ameufunga nyuma ya pikipiki. Mikono ya Clementi ilikuwa imeharibiwa na sindano, na watu aliowafinyanga safari hii hawakuwa na sura, walikuwa na mabega tu. Visoda viliokotwa kwenye majivu vikiwa vyeusi, namba zikakwaruzwa upya. Mama alikaa mlangoni akitazama. Aliona mwanawe anasema "joka linaamka", aliona Wankyo anasimama kwa hofu ya kweli, na wote wanacheka. Alitazama mpaka mchezo ukaisha.

"Kumbe ndiyo hivi tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivi tu, mama."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ulikuwa umefurahi."

Mama alichukua wale watu wabichi, akaenda nao jikoni, akawachoma mwenyewe kwa moto mdogo, akiwageuza mmoja mmoja. Tulimsikia akilia huko, na hakuna aliyemfuata. "Hatukupasuka hata mmoja," alikuja kusema usiku alipowarudisha, kisha akajirekebisha, "hawakupasuka," maana alikuwa amechoka sana.

Jumamosi iliyopita, tarehe 8 Machi, wasafiri walifika chini ya mlima. Mlango ulisimama mezani. Stanslaus alitia mkono kwenye kopo ili ajaribu kuufungua, akatoa kisoda chenye namba kumi na tisa, na Gody akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Clementi aliusukuma mlango kwa kidole. Ukafunguka. Sote tuliinama kutazama kana kwamba kweli tungeona kitu.

"Ndani kuna nini?" Sara aliuliza.

"Tutaendelea Jumamosi."

"Acha hizo, Clementi. Sema basi!"

Alikuwa amechoka, jasho limemtoka, lakini alitabasamu. "Nikiwaambia leo, Jumamosi mtakuja kufanya nini? Nyie mnakujaga kwa sababu ya mlango."

Gody alimwambia, "Wewe nawe! Sisi tunakujaga kwa sababu yako." Clementi alimtazama Gody, na haikuonekana kama ameamini. Wankyo angependa kusema kwamba aliamini. Hajui.

Jumatano jioni Wankyo alimwuliza tena akimlisha uji. Alijibu neno moja tu, Jumamosi. Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa kwenye gari kwenda Mwanza kusafishwa damu, Clementi alifariki kabla hatujafika Bunda. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja.

Tumepekua kila mahali, si kwa tamaa, bali kwa sababu ya kile kilichokuwa nyuma ya mlango. Hakuandika popote. Hakuwa akiandika, vyote vilikaa kichwani mwake, na leo tunamzika navyo. Watu wametuambia huko alikokwenda ni pazuri, na kwamba siku moja tutaelewa. Wankyo amewasikia. Anachojua yeye ni kwamba mdogo wake alikuwa na jibu, alilishikilia ili tuendelee kuja, na sasa tumekuja na jibu halipo.

Marehemu ameacha mama, Gaudensia Nyangi, dada, Wankyo, baba mdogo, Bonifasi, na Sara, ambaye angekuwa mke wake. Ameacha pia wasafiri wanne, mwanamke mwenye mkuki na wenzake watatu, wote sasa bila sura, wamesimama mlangoni chini ya mlima, na hakuna tena mtu wa kuwaambia waingie au warudi.

Ule mlango tumeuweka juu ya jeneza, mtauona mkipita kuaga. Unafunguka vizuri.

Lala, Clementi, umechoka vya kutosha. Leo ni Jumamosi. Tumekuja wote.