Kamati ya Gari la Nan
Benchi lile lipo ndani ya jengo la maduka la Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm, kati ya duka la dawa na ngazi za umeme zinazoshukia treni. Nje ni theluji, ndani kuna joto la bure, ndiyo maana kijiwe kilihamia hapo mwaka 2004 na hakijahama tena. Kila Jumamosi baada ya saa sita wenyewe hufika mmoja mmoja. Sulaiman, Mganda wa makamo, huja kutoka Märsta na chupa ya kahawa ya tangawizi. Wanamwita Rubani, kwa sababu amesafisha ndege uwanjani Arlanda miaka kumi na tisa na tangu aanze kazi hiyo hajapanda hata moja. Wanjohi wa Nyeri, dereva wa teksi, ni Kona. Papy, Mkongo, ni Katibu, maana hajapata kuona jambo la watu watatu asiliitie kikao na kuliandika. Mkongo mwenzake Norbert, dereva wa basi, ni Ratiba, na Jumamosi moja ya Januari 2009 alikuja na fomu ya kukodi gari mfukoni. Kosa lake lilikuwa kuitoa.

Fomu ilikuwa ya gari la siku tano, la kuchukuliwa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na kurudishwa hapo hapo. Norbert alimwoa Christelle mjini Butembo tarehe 18 Februari 1984, kwa hiyo mwezi uliokuwa unakuja walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano. Alimwahidi safari ya watu wawili: si ya harusi ya mtu, si ya msiba, si ya kumsalimia shangazi wa yeyote. Tiketi za ndege binti yao Heshima alikwisha kuzikata. Lilibaki gari. Ofisi ya safari, ghorofa ya chini, iliwashikia nafasi hadi saa tisa ya siku ile. Saa tisa ikipita, wangeingizwa kwenye basi la watalii arobaini. Na mtu anayeendesha basi siku tano kwa wiki hawezi kumpeleka mkewe fungate ndani ya basi.

Angeweza kushuka moja kwa moja akajaze, ila kisanduku kimoja kilimtatiza, kile cha ukubwa wa gari. Akataka maoni. Akawasomea na njia, kama alivyoinakili kwenye kitabu cha maktaba. Kutoka Chiang Mai wataanza na Lamphun, mji ambao wenyeji husimulia kuwa malkia ndiye mtawala wake wa kwanza. Kisha Lampang, ambako bado kuna magari ya kukokotwa na farasi. Kisha Phrae, wenye nyumba za zamani za mbao za msaji. Mwisho Nan, huko milimani karibu na Laos, ambako ukutani mwa hekalu moja kuna picha ya mwanamume akimnong'oneza mwanamke. Christelle aliiona picha hiyo kitabuni akaukunja ukurasa pembeni, na Norbert, asiyependa vitabu vya watu vikunjwe, akauacha hivyo hivyo.

Walinywa kahawa kidogo. Sulaiman ndiye aliyeanza.

— Kule wanaendesha upande gani?

— Kushoto.

— Kama kwetu Kampala, Sulaiman akasema, akaweka kikombe chini taratibu. Kwenu ni kulia.

Hilo ndilo Norbert alilokuwa akilala nalo na kuamka nalo wiki tatu. Alijifunza kuendesha Butembo, akabeba maharage hadi Goma, akaja Sweden akakuta na huku ni kulia vilevile. Miaka ishirini na sita mikono yake imejua upande mmoja.

— Mkono una akili yake, mzee, Wanjohi akasema. Mimi nikifika hapa kutoka Nairobi, wiki ya kwanza niliingia raundabauti kinyume, polisi ananiangalia. Akanipigia saluti. Alifikiri niko na ruhusa ya serikali.

— Polisi wa Sweden akupigie saluti wewe?

— Si umuulize yeye.

Papy alikwisha kutoa kalamu. Kwao harusi ina kamati, msiba una kamati, ubatizo una kamati. Hata Norbert alipohama kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya tano ya jengo lile lile, kulikuwa na kamati na kulikuwa na mwenyekiti. Haikuchukua dakika tano. Sulaiman alipewa uenyekiti kwa umri wake, Wanjohi akapewa ufundi, Papy akajipa ukatibu. Norbert, mwenye safari, akawa mjumbe wa kawaida.

Mkuu wa ufundi alitaka matairi mawili ya akiba, kamba ya kuvutia gari na dumu la petroli. Norbert akamweleza kuwa kutoka Lampang hadi Phrae ni kilomita mia moja na kumi tu, na barabara ni ya lami. Wanjohi akamwuliza kama hiyo lami ameiona kwa macho yake. Norbert akacheka. Halafu akaikumbuka barabara ya Butembo kwenda Goma wakati wa masika, siku tatu kwenye tope la magotini, akainama na kumwambia Papy kwa sauti ndogo aliandike lile dumu.

Papy wasiwasi wake ulikuwa vizuizi vya barabarani.

— Yaya Norbert, kaka yangu, utaingia Phrae bila ordre de mission, karatasi ya aliyekutuma?

— Sisi ni watalii, Papy.

— Bon. Kwenye barrière askari akuulize umetumwa na nani, useme umetumwa na nani? Na sura hiyo ya Butembo?

Norbert akajipapasa shavu. Papy akaahidi kuandika barua mwenyewe, ipigwe muhuri wa kwaya ya kanisani kwao, ule wenye kinubi katikati. Wanjohi akasema mtu wa Thailand hatajua Kifaransa. Papy akasema Kifaransa hatakijua, lakini muhuri ataujua.

Hapo Sulaiman akasogea mbele kidogo.

— Mimi utaniweka kiti cha mbele. Kazi yangu itakuwa neno moja tu: kushoto.

— Siku tano?

— Nikichoka nitalisema polepole.

Walicheka wote, naye akacheka. Kisha akasema, huku akiangalia ngazi za umeme, kwamba tiketi angejinunulia mwenyewe, asimtie mtu gharama. Ndege zinazotoka Bangkok yeye ndiye huzipokea, akasema. Hukuta mchanga kwenye mifuko ya viti, huukusanya kwa kiganja, huumwaga. Kwa miaka kumi na tisa amejiuliza watu hao wanauchota wapi.

Norbert aliona kwamba mwenzake hafanyi mzaha, na tangu hapo ikawa vigumu kukataa lolote. Papy alipokumbuka kuwa kwenye kiwanda cha kufulia nguo Jakobsberg anafanya kazi na mama mmoja Mthai, na kwamba mama mzazi wa huyo anaishi Lampang, Norbert aliitikia kwa kichwa. Papy alipouliza kama inawezekana kweli kupita mji wa mama wa mtu bila kumsalimia, Norbert alijibu kuwa haiwezekani, kwa sababu haiwezekani. Papy akapiga simu pale pale. Ikaja habari ya kifurushi, kahawa na vitamini, kitu kidogo tu. Ikaja habari ya kaka mtu, ndugu wa yule mama wa kiwandani, anayejua Kiingereza, ambaye angeweza kuwasindikiza hadi Nan awe mkalimani. Wanjohi akasema fundi hawezi kubaki Stockholm wakati gari liko Thailand.

Papy akalichora gari nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa, kila kiti na kisanduku chake, kila kisanduku na jina. Mbele, Norbert na Sulaiman. Nyuma yao, mkalimani wa Lampang na Wanjohi, na kisanduku cha kifurushi kilichokua hadi kikawa na jirani yake, begi la nguo za kaka mtu. Nyuma kabisa, matairi na dumu. Gari dogo halikutosha tena. Norbert akachukua penseli akaweka alama hafifu kwenye kisanduku cha gari la viti saba. Ilikuwa saa tisa kasoro ishirini. Alijisikia vizuri kiasi, kama mtu aliyeshauriwa vya kutosha.

Christelle alipanda na ngazi za umeme, ametoka kazini, koti juu ya sare ya hemtjänst, wale wanaowahudumia wazee majumbani. Alikuwa ameahidiana na mumewe wakutane hapo washuke pamoja. Akawasalimia mmoja mmoja kwa jina, akamwuliza Sulaiman hali ya Mastula, binti yake, akapewa kahawa akainywa amesimama.

— Hii nini?

Papy akampa karatasi. Akamweleza kila kitu kwa utaratibu, yeye ni mtu wa utaratibu: huyu wa kushoto, huyu wa lugha, huyu wa tairi, hapa mzigo, hapa petroli, na barua ya kwaya itakaa kwenye dashibodi ili ionekane kwa mbali. Christelle alifuatisha kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma, akarudi kutoka nyuma hadi mbele.

— Mmefanya kazi, alisema. Hakuwa amekasirika. Na mimi nimekaa wapi?

Papy aliichukua karatasi, akaigeuza upande wa matangazo ya kanisa, akairudisha. Wanjohi alianza kusema kwamba dumu likiinuliwa kidogo, kisha akaona afadhali anywe.

Norbert naye alikuwa anahesabu, na hesabu yake ilikuwa ya safari. Julai 1997, lori la kwenda Kasindi, mpakani na Uganda: yeye mbele na dereva, Christelle nyuma juu ya magunia, Heshima mapajani. Oktoba 2000, ndege ya kuja huku: yeye safu ya kumi na nne, mkewe ya kumi na tano na watoto. Agosti 2003, Brussels, harusi ya binamu yake: watu sita garini, Christelle nyuma katikati, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, kati ya miguu kutoka Stockholm hadi Ubelgiji. Machi 2006, Malmö, msiba: nyuma tena, na shada la maua. Safari zote hizo zilikuwa na sababu nzuri, na kila moja ilikuwa na mgeni wa heshima wa kukaa mbele. Kwa miaka ishirini na mitano, barabarani yeye alimjua mkewe kwa kioo cha kutazamia nyuma.

— Hukukaa popote, alisema. Nimekosea mimi.

Kisha Sulaiman akanyoosha mkono, akaomba kalamu ya Papy, akaweka mstari juu ya jina lake mwenyewe, mstari mmoja ulionyooka.

— Mwenyekiti amejiuzulu, alisema. Mama Heshima, ukimwona anavutwa kulia, mpige begani. Usimwonee huruma.

— Na wewe Rubani? Wanjohi akauliza.

— Mimi nina binti. Nitamwuliza kama katika likizo yake ana kiti.

Christelle akamwangalia, akamwambia amwulize leo, asingoje Jumamosi nyingine, maana yeye Christelle amemsikia Mastula mara mbili akiulizia bei za Phuket, kisiwa cha fukwe cha huko huko Thailand. Sulaiman akasema hilo hakulijua. Akamimina kahawa iliyobaki, ikatosha nusu kikombe, akampa Papy, ambaye alikuwa bado anaitazama kamati yake ikivunjika bila muhtasari.

— Sasa mama wa Lampang? Papy akauliza. Nimeshasema ndiyo.

— Kifurushi tutapeleka, Christelle akasema. Mama wa mtu ni mama. Tunampa mlangoni, tunakunywa maji, tunaondoka.

— Na kaka mtu?

— Atatupungia mkono.

Walishuka. Yule dada wa ofisi ya safari alikuwa ameanza kuvaa koti. Akawapa fomu safi, akauliza kwa Kiswidi gari la ukubwa gani. Norbert akasema dogo kuliko yote. Akauliza jina la dereva, Norbert akataja lake. Akauliza kama kuna dereva wa pili.

Norbert alikwisha kufungua mdomo aseme hakuna. Christelle alikuwa ameweka leseni juu ya meza. Tangu Juni iliyopita anaendesha kigari cha hemtjänst mitaa ya Sundbyberg, milango kumi na miwili kwa siku, iwe theluji isiwe theluji, na jambo hilo, ambalo Norbert alilijua kila asubuhi, halikupita kichwani mwa mtu yeyote pale benchini, wala kwake yeye.

— Wewe utaanza, alimwambia mumewe. Chiang Mai hadi Lampang, uzoee. Lampang hadi Phrae, kilomita mia moja na kumi, hizo ni zangu. Wewe utakaa pembeni unitazame.

Norbert akashika kalamu, akaliandika jina la mkewe kwenye mstari wa dereva wa pili, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa.