Tumbo la Dereva wa Lori

"Miaka ishirini barabarani sijawahi kutapika," alisema mzee mmoja ndani ya basi, "ila mchezo wa binti yangu unanimaliza kona ya pili tu."

Fundi cherehani aliyekaa nyuma yake alitega sikio. Kwamba mzee ni dereva wa lori, basi zima lilishajua. Binti yake alikuwa ametengeneza mchezo wa kompyuta wa mbio za malori, na mchana huo walimu wa chuo wangeupima, baba akiwa mchezaji wa kwanza.

"Leo nafika mwisho. Kwenye kona nitafumba macho."

Dada aliyekaa pembeni ya mzee, fundi wa simu, aliangua kicheko. "Dereva mzima unafumba macho kwenye kona? Baba, macho yanaona mwendo, tumbo linajua limekaa kitini, lazima vigombane. Mle ndani kuna usukani? Dashibodi?"

"Barabara tupu."

"Mwambie achore dashibodi, jicho lipate kitu kilichotulia."

"Nimharibie mwanangu siku yake kwa ajili ya tumbo langu?"

"Kwani walimu hawana matumbo?"

Basi lilikata kona kali. Abiria wengine wote walilala upande, mzee akabaki wima kama nguzo, akitoa simu mfukoni.

Kituoni alishuka bila kuyumba, simu sikioni. "Mama," fundi cherehani alimsikia akimwambia binti yake, "walimu wameshaingia? Basi nisikilize haraka, baba yako ana neno kuhusu dashibodi."

Mlango ukafungwa.