Uvimbe Usioniuma

Bamaman, bandugu zangu, musinionee huruma kama sauti yangu inapita puani kidogo. Leo nasema kwa furaha.

Munanijua, nauza mchele wa Bugarama hapa Kamembe. Sisi wa mchele, mbele ya kununua gunia tunatafuna punje mbichi. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Basi ulimi wangu ukagusa kavimbe juu ndani ya kinywa. Hakakuuma. Nikasema ni punje zinanikwaruza, na benzangu sokoni bakakubali, kila mmoja akanionyesha kovu lake. Nikahamia kutafuna upande mwingine. Kavimbe kakaendelea kukua polepole, zaidi ya mwaka.

Papa wa batoto, mume wangu, ndiye alinipeleka kwa muganga wa meno, akinisukuma kama mbuzi. Yule muganga alikata kanyama kadogo, kakatumwa Kigali kupimwa. Jibu likarudi: kansere ya tezi ndogo za mate. Mimi sikujua hata kama mate yana tezi. Akatueleza kwamba ni ugonjwa wa nadra, na mara nyingi hauumi, njo maana unadanganya watu. Ilifaa kupasua, kutoa uvimbe pamoja na mfupa wa juu ya kinywa. Kungebaki tundu la kufika puani, nivae kizibo kama meno ya bandia. Bila kizibo chakula kitapita puani na maneno hayatasikika.

Bandugu, nawaambia, nilikataa. Nilisema heri nife na sauti yangu. Nililia mpaka nyumbani. Papa wa batoto hakubishana. Alinipikia uji, akakaa karibu yangu, akasema:

"Maman, mimi nilioa muntu, sikuoa sauti. Ukibaki bubu, nitakuongelesha. Ukikufa, nitaongea na nani?"

Nikapasuliwa, kisha nikachomwa kwa miale ya kuua kansere kule Kigali. Siku ya kwanza nilipojaribu kusema bila kizibo, ilitoka kelele tu, hata mimi sikuielewa. Yeye akaitika, "Ndiyo, Maman," akaniletea maji. Nilikuwa nimeomba maji.

Bado narudi kupimwa, na mpaka leo niko muzima. Namushukuru yule muganga, nanyi mulioniuzia mchele wangu nilipokuwa hospitali, bila kuonja sana. Muntu akisikia kitu kinywani hakitoki, hata kama hakiumi, aende akakionyeshe. Akikataa, mumusukume.

Na wewe, Papa wa batoto, acha kujificha pale nyuma. Simama, bakuone.